Springi za Prado: Ugumu Gani Unafaa Barabara Zetu?

Masika yakikaribia, maswali ya springi huanza kunijia. Mtu ana Prado, anataka liinuke kidogo lisikwame kwenye udongo mweusi, na tayari ameonyeshwa dukani seti ya springi zilizopakwa rangi ya kumeta. Muuzaji amemwambia ni za hevi-duti, hazilali hata ukipakia mawe. Ukimuuliza ni ngumu kiasi gani, anakutazama kama uliyemuuliza umri wa bahari. Springi ina ugumu unaopimika, na gari lina uzito unaopimika. Hivi viwili visipokutana kwenye karatasi, unanunua rangi tu.

Mwaka huu walionijia ni wazee wa kikundi kimoja cha upande wa Kinango. Wamechangishana wakanunua Prado 120 ya mtumba iwe ya kukimbiza wajawazito na wagonjwa hospitali. Mbele wamefunga bampa la chuma na winchi, kwa kuwa mvua ikinyesha huko ndani gari lazima lijivute lenyewe. Gereji moja iliwashauri wafunge springi ngumu kuliko zote zilizokuwa rafuni, mbele na nyuma. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mama mwenye uchungu akilazwa humo nyuma, hizo ngumu hazitamuumiza?" Swali lake lilikuwa bora kuliko ushauri wa gereji. Kwa hivyo hesabu ninazoandika hapa ni za gari lao, nikizikadiria kuwa nambari za mviringo ili msomaji azifuate kwa kalamu na kikokotoo cha simu.

Tuanze na majina. Koilova ni springi iliyovishwa juu ya shokabsoba, vikawa kitu kimoja. Prado 120 na 150 zina mpango huo mbele, na Hilux kuanzia ile ya 2005 tunayoiita Vigo. Nyuma ya Prado kuna ekseli moja nzima yenye springi mbili za kuzunguka, na shokabsoba zimesimama pembeni peke yake. Pikapu ya Land Cruiser 79 ni tofauti: mbele ina springi za kuzunguka juu ya ekseli nzima, nyuma ina vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Leo nazungumzia Prado, ingawa hesabu ya mbele inakwenda kwa Hilux pia.

Ugumu wa springi ni uzito unaohitajika kuibonyeza kipimo kimoja. Wajapani hupenda kuandika kilo kwa milimita. Wamarekani huandika ratili kwa inchi, yaani zile paundi zao za gramu 454. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na ratili 56 kwa inchi, na ukiijua nambari hiyo huwezi kuchezewa dukani. Springi ya kilo 10 kwa milimita hubonyea milimita 1 kwa kilo 10, milimita 2 kwa kilo 20, na kuendelea hivyo mpaka pete zigusane. Springi za koilova zinazouzwa kwa ajili ya kujijengea huja kwa hatua za ratili 50: 550, 600, 650, 700. Kampuni kama Eibach huandika mambo yote kwenye nambari ya springi. Ukiona 1400.300.0600, soma urefu wa inchi 14, upana wa ndani inchi 3, ugumu ratili 600 kwa inchi. Springi isiyo na nambari yoyote, wala muuzaji hana karatasi yake, mimi huiacha rafuni.

Ugumu huo unatoka wapi? Unatoka kwenye unene wa waya, upana wa pete, na idadi ya pete zinazofanya kazi. Unene ndio wenye nguvu kubwa, kwani ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene. Waya wa milimita 15 badala ya 14, tofauti ambayo jicho halioni, huongeza ugumu kwa karibu asilimia 32 ikiwa mengine yote ni sawa. Kwa hivyo mtu asikuuzie springi kwa kuishika mkononi na kusema "hii nzito." Idadi ya pete nayo huenda kinyume: pete zikipungua, ugumu unapanda. Anayekata pete moja kati ya nane ili ashushe gari amepata springi iliyo ngumu zaidi kwa asilimia 14 na fupi zaidi, na kama aliikata kwa moto ameidhoofisha chuma. Kukata springi ni kazi ya kukataa. Sina la kuongeza hapo.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Springi ya mbele haikai juu ya gurudumu. Imekaa kwenye mkono wa chini, karibu zaidi na chesisi, tena imelala kwa pembe. Gurudumu likipanda milimita 100, koilova hubonyea pungufu, tuseme milimita 60. Huo ni uwiano wa 0.6. Ni kama mtoto na baba kwenye ubao wa bembea: anayekaa karibu na katikati husogea kidogo lakini hubeba zaidi. Springi inapoteza mara mbili, kwa mwendo na kwa nguvu, kwa hivyo ugumu unaofika kwenye gurudumu ni ugumu wa springi mara 0.6, mara 0.6 tena, yaani mara 0.36. Springi ya kilo 10 kwa milimita inahisiwa na gurudumu kama kilo 3.6 tu. Anayekopa ugumu wa springi ya nyuma, ambako uwiano ni karibu 1, akautia mbele, gari litalala kifudifudi.

Uwiano huu unapimika. Gari liwe juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Springi ikiwa imetolewa na shokabsoba imerudishwa tupu, inua gurudumu kwa jeki, pima limepanda kiasi gani na shokabsoba imefupika kiasi gani, kisha gawanya. Kuitoa springi kwenye koilova ni kazi ya aliye na kibanio kizuri na uzoefu. Springi iliyobanwa imehifadhi nguvu ya kuua mtu, na kwenye gereji za vichochoroni nimeona watu wakiifunga kwa kamba.

Baada ya hapo, mizani. Usitumie uzito wa kwenye kitabu cha gari, maana kitabu hakijui bampa lako wala karia yako ya juu. Wenye maghala na wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani ya magari, na kwa shilingi chache watakuruhusu. Jaza tangi, dereva akae ndani, panda kwa magurudumu ya mbele tu, andika. Kisha gari zima, andika. Ukitoa, umepata ya nyuma.

Gari la wazee wetu, kabla ya bampa, tuliweke kilo 1,200 mbele na 950 nyuma. Kila gurudumu la mbele linabeba 600. Ndani ya hizo, kama 50 ni gurudumu lenyewe, breki na nusu ya mikono, vitu ambavyo springi haivibebi. Zinabaki 550.

Kinachobaki ni kuamua gari lidunde vipi. Kila gari lililobonyezwa likaachwa hupanda na kushuka kwa mdundo wake. Mdundo wa kuanzia mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde mwili wa binadamu unaustahimili vizuri, kwani hauko mbali na mwendo wa kutembea. Ukishuka chini ya hapo watu hutapika kama walio jahazini wakati wa kusi. Ukikaribia 2, unahesabu kila kokoto kwa uti wa mgongo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 15.76, gawanya kwa kipeuo cha pili cha milimita ambazo uzito wa gari huibonyeza springi zikipimwa kwenye gurudumu. Ukitaka mara 1.3 mbele, uzito lazima ubonyeze milimita 147. Kilo 550 ukizigawanya kwa 147 unapata kilo 3.74 kwa milimita kwenye gurudumu. Gawanya tena kwa 0.36 ufike kwenye springi yenyewe: 10.4, ambayo ni kama ratili 582 kwa inchi. Dukani hiyo ni 600.

Kisha bampa na winchi. Vyote pamoja tuviweke kilo 95. Lakini havikai juu ya ekseli, vinaning'inia mbele yake kama milimita 900. Prado lina milimita 2,790 kati ya ekseli mbili, kwa hivyo vinafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao: ekseli ya mbele inaongezewa kilo 126, na ya nyuma inapunguziwa 31. Wengi huweka kilo 95 na kustaajabu pua ya gari imelala. Kila gurudumu la mbele limepata 63 zaidi, na kwenye springi ya mwanzo gari lingeshuka milimita 17. Si nyingi ukiwa Moi Avenue, lakini ni nyingi kwenye mtaro wa Kinango. Kwa kilo 613, mdundo uleule wa 1.3 unahitaji kilo 4.17 kwenye gurudumu na 11.6 kwenye springi, yaani ratili 649. Hatua ya dukani ni 650. Gereji ilikuwa imependekeza 800. Ukirudisha hesabu, 800 ingewapa mdundo wa karibu 1.44 na, kwa kuwa springi ngumu hubonyea kidogo, mbele ingesimama juu ya kimo walichohitaji. Hapo fundi angeanza kuteremsha kola.

Kola inastahili neno lake. Ni ile nati kubwa inayokalisha springi juu ya koilova, na watu husema, "nimeikaza, sasa springi imekuwa ngumu." Haikuwa ngumu. Springi ya kilo 10 itabaki ya kilo 10. Ulichofanya ni kuinua gari. Tena kwa uwiano ule wa 0.6, kola ikisogea milimita 10, gari huinuka kama 17 kwenye gurudumu, na kiasi hichohicho unakipoteza kwenye nafasi ya gurudumu kuning'inia. Ndiyo maana gari lililokazwa kola kupita kiasi hugonga juu kila likitoka kwenye tuta: gurudumu linaning'inia, shokabsoba inafika mwisho, mlio wa chuma unasikika. Mimi hutaka gari likisimama na mzigo wake wa kawaida, shokabsoba ibakiwe na theluthi moja hadi asilimia 40 ya mwendo wake kwa kushuka, na zilizobaki ziwe za kupanda. Usipopata kimo chako ndani ya mipaka hiyo, springi ndiyo si yako. Badilisha urefu au ugumu, kola iache ilipo.

Kupita milimita 50 za kuinua Prado mbele, sikushauri. Vifundo vya shafti za mbele vinakaa kwenye pembe mbaya, mipira yake inapasuka mapema, na kitovu cha uzito kinapanda. Gari refu lililojaa watu likikwepa ng'ombe ghafla kwenye kona ya murram, hizo milimita zina sauti. Ukishainua, fanya alaimenti, kisha rekebisha taa. Nusu ya magari yanayotupofusha usiku barabara ya Malindi yameinuliwa, taa zikaachwa zitazame angani.

Nyuma ndiko kulikokuwa na mgonjwa, na ndiko tulikobishana zaidi. Kilo 950 ukitoa ekseli na magurudumu, tuseme 200, kila springi inabeba 375. Hizi za nyuma nilizikadiria bila ile ahueni ndogo ya winchi, ili hesabu iwe upande wa usalama. Springi ya kiwandani ya gari lao tuliiweka 3.2 kwa milimita, mdundo kama 1.45. Gari tupu ni raha. Lakini safari yao si tupu. Kuna mgonjwa, mkunga, jamaa wasiokubali kubaki, mabunda, na dumu la maji. Tuliongeza kilo 400 kwenye ekseli ya nyuma. Kila upande unapata 200, springi inashuka milimita 63, mipira ya kuzuia kugonga inakuwa karibu kuguswa kabla gari halijaondoka uwanjani. Na mdundo unashuka hadi 1.18.

Hapo kuna jambo ambalo Maurice Olley, mhandisi wa Kiingereza aliyehamia General Motors huko Marekani, alilifanyia kazi miaka ya 1930. Tuta hupiga magurudumu ya mbele kwanza, ya nyuma baadaye. Nyuma ikidunda haraka kidogo kuliko mbele, inaifikia, na gari zima linatulia pamoja. Nyuma ikiwa ya polepole, mbele inapanda wakati nyuma inashuka, na gari linaitikia kichwa kama mjusi kafiri ukutani. Mgonjwa aliyelazwa nyuma analipata lote hilo. Mbele ni 1.3, kwa hivyo nyuma isiwe chini ya hapo hata ikiwa imejaa.

Ushauri wa gereji ulikuwa springi ya kubeba kilo 400 daima, kama 4.9 kwa milimita. Ikiwa na mzigo ni nzuri, mdundo 1.45. Ila gari hili hurudi tupu, na mara nyingi humbeba mtu mmoja anayeumwa na dereva wake. Tupu, springi hiyo inadunda 1.8. Mzee alikuwa sahihi, ingemuumiza. Watengenezaji wa Australia huuza springi za Prado kwa madaraja ya mzigo wa kudumu, na neno la kuangalia ni hilo, wa kudumu. Mwenye karia, jeneza la vifaa na matangi mawili yasiyotoka garini ana mzigo wa kudumu. Anayepakia mara mbili kwa wiki hana.

Tulikubaliana 4.0. Tupu, mdundo 1.63. Ikijaa, 1.31, sawa na mbele, na kushuka ni milimita 50. Kwa ajili ya hizo 50 wakaongeza mifuko ya hewa inayoingizwa ndani ya springi za nyuma, inayojazwa kwa pampu ya kawaida gari linapopakiwa na kupunguzwa likiwa tupu. Ni raba tu, inaweza kutobolewa na mwiba au changarawe, na dereva lazima aikague. Lakini ikipasuka, springi ya chuma bado ipo, gari litafika likiwa limeinama.

Shokabsoba zifuate springi. Springi hurudisha nguvu, shokabsoba huila. Ukipanda hatua moja, kutoka 600 hadi 650, shokabsoba nzima hubeba tofauti hiyo bila shida. Ukiruka hatua tatu au nne ukaziacha zilezile, gari litaruka baada ya kila tuta na gurudumu litakuwa hewani wakati unahitaji breki. Kwenye barabara ya murram iliyokunjika kama mabati, kama zile za ndani ya Tsavo Mashariki, shokabsoba pia hupata moto, na mafuta yakichemka ugumu wa springi hausaidii kitu. Simama ipoe. Kuna koilova za springi mbili zilizopandana, nyepesi juu na ngumu chini. Hizo ni za wakimbiza magari jangwani, na 300 juu ya 400 kwa pamoja hufanya kazi kama 171 mpaka ile ya juu izuiwe. Kwa gari la kwenda hospitali ni gharama na kelele.

Msomaji asije akaelewa vibaya. Springi ngumu haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Breki, chesisi, fani za magurudumu na matairi havijui kwamba umebadilisha springi. Gari linasimama sawa kwa macho huku limezidiwa, na hiyo ni hatari kuliko gari lililolala, maana lililolala hukuonya. Wazee niliwaandikia idadi ya abiria kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa nyuma, na wakaniahidi jamaa wa tano atafuata kwa bodaboda.

La mwisho ni chumvi. Springi za bara hukaa miaka, zetu huliwa. Rangi ikibanduka na jiwe, chumvi inachimba kishimo, na kishimo ndiko ufa unakoanzia. Mara nyingi huvunjika pete ya chini kabisa, mahali mchanga hukusanyika na kuloana. Ukitoka kwenye mchanga wa ufuoni, au ukishusha gari jetini Mokowe maji yakarukia chini, osha kwa maji baridi ndani ya pete siku hiyohiyo. Kila miezi sita fundi apitishe tochi na brashi ya waya, apake rangi palipobanduka. Na ukibadilisha, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, ukichunga ya kulia na ya kushoto, kwani baadhi ya seti huja na ya upande wa dereva ndefu kidogo. Pima kimo cha gari kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda siku ya kwanza, na tena baada ya kilomita 1,000, maana springi mpya hukaa kidogo. Andika vipimo hivyo ndani ya kitabu cha gari, si kwenye simu.